Shati la Kusasia

Kwetu Mtende nguo za Ijumaa hufukizwa udi:
chetezo chini, tenga juu, kanzu imetandazwa,
moshi ukipanda polepole kama mgeni mwenye haya.

Shati la Mzale la kusasia lilikuwa na chetezo chake,
kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari.
Ndani makumbi makavu, kivumbasi kibichi,
na konzi moja ya majani yaliyooza ya huko huko maweni,
“ili niwe kichaka,” alisema, “nguruwe apite ubavuni
adhani msitu umekohoa.”

Kazi hiyo ilikuwa yangu.
Siku ya kusasa sabuni marufuku, manukato usiyataje.
Jasho la kwapa, kitunguu cha jana,
mafuta ya nazi ya nywele zangu zilizolala begani mwake,
vyote nilivifukuza kwa moshi,
nikigeuza mkono wa shati, nikigeuza ukosi,
kama mtu anayekausha pweza.

Mara moja tu nilikosea.
Kichwani mna arusi ya binti wa jirani, mikono ikafuata mazoea,
nikalifukiza udi.
Akatoka usiku na mkuki wake, ananukia bwana arusi.
Nguruwe wakamsikia tangu Muyuni!
Walizunguka upande wa pili wa shamba,
na kulipokucha mashina arobaini ya muhogo yamelala chali,
naye mlangoni, umande magotini, anacheka mpaka anashika ukuta:
“Mke wangu, umenioza kwa nguruwe.”

Hakufa porini.
Presha. Siku tatu Mnazi Mmoja, kitanda cha dirishani.
Wakamrudisha amenyamaza, wakamwosha,
pamba, karafuu maiti,
na nilipoinama kumuaga
sikumpata pale. Nilikuta harufu ya duka la sanda.

Sasa nimo eda. Udi hapana, asumini hapana, wanja hapana.
Usiku wa tisa nikalitungua shati msumarini,
nikalifunika usoni,
nikavuta pumzi kama anayetaka kuzamia.

Makumbi.
Kivumbasi.
Majani ya maweni.

Nikatafuta kwapani. Nikatafuta ukosini, pale palipochakaa.
Nikageuza mfuko nje: kipande cha muhogo mkavu, uzi, mchanga.
Miaka kumi na tisa nimemficha mtu huyu kwa nguruwe,
kumbe namficha na kwangu.
Sijawahi kufanya kazi yoyote vizuri namna ile.

Nikalitupa uani. Ndiyo, kwa hasira,
na aliyeniona aseme.

Mbwa wake, Shauriyako,
ambaye tangu azaliwe hajavuka kizingiti changu,
akaja pua chini.
Akaupita moshi
kama anavyopita penye tundu la ua wa makuti,
bila kubisha hodi.
Akasimama. Akarudi hatua moja. Mkia ukapiga ardhi mara mbili.
Kisha akajikunja juu ya kifua cha shati, kidevu penye kifungo cha pili,
akatoa pumzi ndefu ya mtu aliyefika.

Asubuhi mama mkwe akaona.
“Lifue mara saba,” akasema, “moja kwa udongo.”
Nikaitikia ndiyo, mama. Ndoo nikaijaza,
na udongo nikauchota, safi, wa chini ya mpapai.
Maji yakapoa. Jua likafika kisimani.

Sikulifua.
Nilikaa kizingitini, mguu mmoja ndani ya eda,
nikamsogelea mnyama yule kadiri ya kadiri yangu,
nikamwuliza, sauti ya chini nisisikiwe na nyumba ya pili,
yuko upande gani.